Tunatembea Tu

Kuanzia Oktoba mpaka katikati ya Januari sina Jumamosi. Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara, na msimu ukishafunguliwa maisha yangu huwa mizani, magunia, stakabadhi, na simu za makatibu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanaouliza mzigo wao umeingia mnada upi. Msimu ukiisha mvua zinakuwa zimeshachanganya, na hazinipi njia mpaka Mei. Kwa hiyo mwaka wangu wa kutembea ni mfupi: Juni, Julai, Agosti na Septemba kidogo. Ndio wakati wa kipupwe. Kusi inavuma, alfajiri mtu anatafuta sweta hata huku pwani, majani yamelala na njia zinaonekana, na kila unapopita penye mikorosho unakuta watu wamejifunga vitambaa puani wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho.

Nimefanya hivi kwa misimu sita sasa. Kabla ya hapo nilikuwa kama watu wengi wa huku kwetu. Hifadhi ilikuwa jambo la kaskazini, la simba na twiga wa kwenye kalenda za ukutani, na "kwenda kutembea" maana yake ilikuwa kwenda kusalimia ndugu, tena huendi mikono mitupu. Kuingia porini bila jembe, bila panga, bila ndoo, hilo lilikuwa jambo la kuulizwa. Na kweli tuliulizwa.

Ilikuwa Msimbati. Tulikuwa watatu: mimi, mwanangu wa kiume aliyekuwa na miaka sita wakati ule, na mjomba wangu, kaka wa mama, aliyechonga vinyago Mwenge, Dar es Salaam, kwa miaka zaidi ya 20 na kurudi nyumbani macho yalipoanza kuchoka. Bibi mmoja alikuwa anashuka ufukweni, ndoo kichwani, mkononi fimbo ndefu yenye ncha ya chuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda wapi?"

"Tunatembea tu."

Akasimama. Akamwangalia mtoto, akamwangalia mjomba.

"Mmefiwa?"

"Hapana bibi, hatujafiwa."

"Mnatafuta viwanja?"

"Hapana. Tumekuja kuangalia tu."

Alikaa kimya kidogo, kama mtu anayepima uzito wa kitu asichokizoea. Kisha akasema, "Maji yanakupwa. Kama mnaangalia tu, haya, njooni muangalie pweza."

Yote niliyojifunza baadaye kuhusu kutembea yalianza na bibi yule. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofia, maji na simu yenye chaji. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu. Sasa siendi mahali popote kabla sijampata mwenyeji wa kwenda naye, na nikikosa mwenyeji naahirisha safari.

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilianzishwa mwaka 2000, na ina kilometa za mraba 650 ukijumlisha bahari, visiwa, mikoko na nchi kavu. Mgeni huchelewa kuelewa kwamba vijiji vimo ndani ya hifadhi. Hakuna uzio ambao wanyama wako upande huu na watu upande ule. Watu wanavua, wanalima mihogo, wanaoa na kuzika humo humo. Hata visima vya gesi vimo. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa 1982, na mtambo wa kuisafisha unaupita Madimba ukiwa njiani kutoka mjini. Unalipia kiingilio cha hifadhi, unapata risiti, unaendelea na mchanga mpaka Ruvula kama gari lako linaweza. Kama haliwezi, liache kijijini utembee. Mimi nafurahia zaidi kutembea.

Lakini usiende siku yoyote ile. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndipo panapokuwa na bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Huku kwetu maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ambayo ni saa nzuri kwa mtu aliyetoka mjini alfajiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali na hutaona kitu. Watu wa mjini tunaangalia kalenda ya ukutani kujua Jumamosi ni lini. Mimi sasa naangalia kwanza mwezi, ndipo naiangalia Jumamosi.

Tulimfuata bibi kwenye mwamba. Alitembea kwa miguu yake mitupu mahali ambapo mimi nilikuwa nachagua pa kukanyaga na raba. Alituambia tupite kwenye mchanga na mwamba mfu, tusikanyage matumbawe yaliyo hai, na tuwaepuke wale viumbe weusi wenye miiba mirefu. Kisha akaanza kututafutia pweza. Pweza hukaa kwenye tundu, na rangi yake ni rangi ya mwamba wenyewe, lakini mlango wake unamsaliti: akishakula kaa na makombe hutupa maganda nje. Unachotafuta ni takataka zake. Mwanangu alilipita tundu moja mara mbili bila kuliona. Bibi akamshika bega, akamgeuza, akasema, "Nani katupa maganda haya?" Mtoto akachuchumaa. Nadhani aliona jicho kabla ya kuona mnyama, kwa sababu alirudi nyuma ghafla akakaa majini.

Mbele kidogo bibi alisimama na kutuonyesha kwa fimbo. Matumbawe yalikuwa yamevunjika vipandevipande, kama vigae vya mtungi, eneo kubwa kama uwanja wa shule. "Hapa palipigwa baruti," alisema. "Tangu sijamzaa mtoto wangu wa mwisho." Uvuvi wa mabomu uliitesa pwani hii kwa miaka mingi. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wadogo, wengi wakizama chini bila kuokotwa na mtu, na unavunja nyumba yao. Vipande vile haviponi upesi, maana kila maji yanapokuja vinabingirika, na tumbawe changa halipati pa kushika. Bibi hakupaza sauti. Alikuwa anaeleza ni kwa nini sasa inambidi atembee mbali zaidi kutafuta pweza kuliko alivyotembea mama yake. Niliingiwa na aibu ambayo sikuitegemea, kwa sababu nimekula samaki wa soko la mjini tangu utotoni na sikuwahi kuuliza walivuliwaje.

Wakati wa kurudi mjomba naye alipata zamu yake. Mimi kwenye mikoko niliona mikoko tu, kijani kilichosimama kwenye tope. Yeye akaanza kuita majina kama mtu anayeita wajukuu. Ule wa mbele baharini, wenye mizizi iliyochomoza juu kama vidole, ni mlilana. Wajenzi wa mashua huutaka kwa mataruma, yaani mbavu za mashua. Huu wenye miguu mirefu iliyopinda ndio mkoko wenyewe. Ule mwembamba ni mkandaa, hutoa miti ya kujengea, na magome yake hutoa rangi nyekundu. Ule wenye majani yanayong'aa fedha kwa chini ni mchu. Mjomba huuona mti kwa ndani. Akipita porini anaona mbao kabla ya kuona majani, na nimezoea kumsubiri asimame, aguse gome, agonge kwa kifundo cha kidole, asikilize.

Kwa anayeanza, au aliye na mzazi mzee, nasema Mikindani. Ni kilometa 10 tu kutoka mjini. Panda kilima nyuma ya Boma la Wajerumani la 1895, pita kwenye mibuyu, kaa juu uitazame ghuba ilivyojikunja karibu iwe duara. Livingstone alipita hapa 1866 akianza safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Asubuhi moja inatosha, na saa sita uko nyumbani unakula.

Newala ni habari nyingine, na Newala ndiko nilikofanya kosa ambalo bado linaniuma.

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Unatembea kwenye barabara ya kawaida, maduka, bodaboda, shule, halafu nchi inakatika. Mahali pale wanapaita Shimo la Mungu. Ukisimama ukingoni bonde zima la Ruvuma liko chini ya miguu yako, vilima vimepangana mpaka vinapotea kwenye ukungu, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Nilipopaona mara ya kwanza sikusema kitu. Mjomba, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ile, alivua kofia.

Watu wengi huishia pale ukingoni, wanapiga picha na kuondoka. Sisi tulitaka kushuka. Kuna njia za miguu zinazoteremka, na si njia za watalii. Uwanda wa Makonde ni wa mchanga mwekundu unaonyonya mvua yote. Maji yanazama, hayakai juu. Kabla mabomba ya mradi wa maji wa Makonde hayajajengwa, na hata baadaye kila yalipokauka, watu wa juu walishuka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Bibi mzaa mama alikuwa mmoja wao. Mama yangu alikuwa akisema kwamba maji ya kunawa uso yalikuwa maji ya kuombwa. Nilisikia maneno hayo utotoni kama unavyosikia hadithi. Sikuyafikisha miguuni.

Tulitoka Mtwara saa kumi alfajiri, tukafika Newala saa mbili, tukanywa chai bila haraka. Tukaanza kushuka saa tatu na nusu. Nilikuwa nimebeba lita moja na nusu ya maji kwa watu watatu, kwa sababu kipupwe kilinidanganya: kulikuwa na upepo na baridi kidogo. Kushuka kulikuwa raha. Tulifika chini karibu na saa tano, tukapumzika, tukala, tukamaliza maji. Saa sita tukaanza kupanda.

Mteremko ule unatazama upande wa machweo. Asubuhi ukuta wenyewe unakupa kivuli, na ndiyo maana kushuka kulikuwa rahisi. Jua likishavuka utosini linaupiga uso mzima wa ukuta, na mchanga na mawe vinarudisha joto kutoka chini. Tulikuwa hatujafika nusu mwanangu aliponiambia kichwa kinamuuma. Hatua kama 100 mbele akatapika. Uso wake ulikuwa mkavu na wa moto. Mjomba alimbeba, na mjomba wakati ule alikuwa na miaka 64.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa anapanda na kuni. Alitua mzigo wake bila kuulizwa, akamweka mtoto chini ya mwembe, akamvua shati, akamwagia maji ya dumu kifuani na shingoni, kisha akampa anywe funda mojamoja, si kwa pupa. Yale maji alimmwagia mtoto ambaye hamjui, katika nchi ambako maji yana historia ile. Alipoona mtoto amefumbua macho vizuri ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini tunapanda saa hizi.

"Huku tunashuka nyota zikiwa juu," alisema. "Saa tatu uwe umeshapanda. Ukichelewa, unangoja jua lipoe jioni. Huendi na jua, mwanangu. Jua halichoki."

Tulingoja chini ya mwembe mpaka saa kumi. Nilijaribu kumpa pesa, akakataa. Akakubali ndizi zilizobaki kwa ajili ya watoto wake. Njia ile ina akili yake, imekusanywa na vizazi vya wanawake waliopanda na mitungi, na mimi ni mjukuu wao nikaipanda kama mgeni. Tangu siku ile kila mtu kwenye safari zangu anabeba lita tatu zake mwenyewe, na tunamaliza kupanda kabla ya saa nne. Nimekuwa mkali sana kwa hili. Kuna marafiki wamekasirika nilipowarudisha nyumbani asubuhi kwa sababu ya chupa moja ndogo, na sijutii.

Chakula cha safari zetu ni ming'oko. Unaipata imeshachemshwa kwenye stendi zote za huku wakati wa kiangazi, imefungwa mafungu mafungu, na haiharibiki begani kama wali. Watu hununua kwa dirisha la basi na kula mpaka Nangurukuru. Lakini ming'oko haipandwi shambani. Inachimbwa porini, na nilikuwa nimeila miaka 30 bila kujua mmea wake unafananaje. Siku moja mjomba aliniita, akashika uzi mkavu wa mmea uliotambaa kwenye kichaka, uzi ambao ningeukata kwa kiatu na kupita. Akaufuata kwa vidole mpaka ardhini, akachimba taratibu kwa kijiti. Alitoa mizizi mitatu minne, akaacha kichwa cha mmea mahali pake na kufukia, akakanyaga kwa unyayo. "Huyu wa mwakani," alisema.

Tendaguru, kilima cha mifupa ya dinosaria, nilikuwa nikiisikia tangu shule ya msingi. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Jina ni la Kimwera, na maana yake ni kilima chenye mwinuko mkali, ingawa ukikiona si kilima cha kukutisha. Kiko kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kilometa 60 hivi, na njia yake inataka gari la kuvuta magurudumu yote manne, kiangazi kilichokomaa, na mwenyeji wa kijiji cha karibu. Sisi tuliongozwa na kijana ambaye kwanza alipita kuulizia kama tembo wameonekana wiki ile. Hilo nalo usiliache: siku hizi tembo wanatembea sana katika mkoa wa Lindi, na anayejua walikolala jana ni mkulima.

Ukifika, hakuna jengo. Kuna nyasi, vichaka, mawe, mbung'o wanaouma kupitia shati, na ukimya. Nimewaona watu wanaorudi kutoka huko wakisema hakuna cha kuona. Kwangu mimi ni mahali palipopita mahali pengine pote kwa kunigusa.

Miaka milioni 150 hivi iliyopita hapa palikuwa pwani, na wanyama wakubwa mara kadhaa kuliko tembo walikufa na kuzikwa kwenye tope lake. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliripoti mifupa mikubwa iliyochomoza ardhini. Kuanzia 1909 mpaka 1913 jumba la makumbusho la Berlin likachimba, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Mmoja wa wanyama wa hapa amesimamishwa Berlin tangu 1937, na urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Haya yamo vitabuni. Nilikuwa sijawahi kukaa chini na kufikiri ilifikaje.

Takriban tani 225 za mifupa zilitoka kwenye kilima hiki mpaka bandari ya Lindi. Reli haikuwepo, na penye mbung'o punda na ng'ombe hawadumu. Zilitoka kwa watu. Zikafungwa kwa mianzi, zikawekwa kichwani na begani, siku nne kwa miguu, kisha kurudi kuchukua nyingine. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla, na njaa iliyovifuata ilikuwa imewamaliza watu wa nchi hii hii. Waliobeba ni watu waliobaki. Mamia yao walifanya kazi hapa, na aliyekuwa mstari wa mbele katika kuchimba na kusafisha mifupa alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Nilimwambia mwanangu jina hilo pale pale kilimani, na nikamwambia alitamke mara tatu.

Akanyamaza, kisha akaokota jiwe, akaliweka kichwani, akaanza kutembea kwenye njia tuliyojia. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa na miaka tisa. Mjomba alitaka kumzuia, nikamshika mkono. Tulimfuata nyuma bila kusema kitu, yeye akihesabu hatua kwa sauti. Jiwe lilimshinda kwenye hatua ya 412. Alikaa chini, akageuka kutazama kilima, ambacho kilikuwa bado karibu sana.

"Na wao walifika Lindi," alisema.

Ningependa mfano wa mfupa mmoja, hata wa paja tu, hata wa plasta, usimame Lindi mjini karibu na maji, mahali mizigo ile ilipoteremshwa. Mtoto wa Berlin ameuona mnyama huyu mzima mzima. Mtoto wa Lindi ana haki ya kusimama kando ya mfupa wake na kujipima urefu. Na majina ya wapagazi, yale yanayopatikana kwenye daftari za wakati ule, yaandikwe hapo, hata kama ni machache. Nalisema hili kila ninapopata mtu wa kunisikiliza, na nitaendelea kulisema.

Wakati wa kurudi mjomba alisimama kwenye mti mmoja mfupi, wenye gome la kijivu na miiba, matawi yamejipinda hovyo. Mti ambao hakuna mtu angeupiga picha. Aliugonga kwa kidole. "Mpingo," alisema. Maisha yake yote alinunua magogo yake Dar bila kuyaona yakiwa hai. Alikadiria unene wake kwa viganja viwili, akasema huu alizaliwa ukiwepo, na haujafika kukatwa. Kisha akasema vinyago vyake vilivyouzwa kwa wageni vilitoka kwenye miti iliyowazidi umri wote waliovinunua.

Nimebakiza Rondo. Kilwa Kisiwani naiacha makusudi. Kuipitia kwa siku moja ni kuivunjia heshima, na mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi yanadai mipango ambayo si ya Jumamosi.

Kwenda Rondo unaiacha lami ya Lindi na Masasi na kuanza kupanda, na hewa inabadilika ukiwa bado ndani ya gari. Kwanza unaipita mitiki iliyopandwa kwa mistari, chini pakavu, majani makubwa yakilia chini ya kiatu. Halafu mistari inakwisha, kivuli kinakuwa kizito, na unaingia kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Rondo, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuna mivule ambayo mwanangu na mjomba hawakuweza kuizunguka kwa mikono yao minne. Nilidhani mjomba angeanza kupima mbao. Hakupima. Aliweka kiganja chake juu ya gome na kukaa hivyo muda mrefu.

Tulikuwa tumekuja kwa ajili ya mnyama ambaye mchana halionekani hata sikio lake. Komba wa Rondo ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote duniani, uzito wake gramu 60 hivi, yai moja la kuku, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Anaishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania: hapa, Litipo, misitu michache kuelekea Dar es Salaam, na Ziwani, ule msitu tunaoupita kila tunapokwenda Msimbati. Nimeupita mara ngapi? Msitu ukikatwa hana pa kwenda, maana haruki kilometa 20 za mashamba kutafuta mwingine. Lugha yetu inamjua komba kwa ulevi tu, mtu akizidisha tembo la mnazi tunasema amelewa kama komba. Huyu mdogo hatukuwahi kumpa hata msemo wake.

Kijana aliyetuongoza alisema tungoje. Tukakaa kwenye gogo, tukazima simu. Jua lilizama, ndege wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, baridi ikashuka mpaka nikamfunika mwanangu kanga yangu. Giza la msituni haliji kutoka juu. Linapanda kutoka chini, kwenye mizizi, na unaacha kuona miguu yako kabla ya kuacha kuona mikono.

Kitu kikalia. Sauti fupi mbili mbili, zikishuka, halafu kimya. Kijana akanyoosha kidole gizani, ingawa hakuna aliyeweza kukiona. "Ndiye," akanong'ona. Tukangoja tena, pumzi tumezibana. Kikalia mara ya pili, mbali zaidi.

Tulishuka saa mbili usiku. Kwenye kijiji cha chini, penye mikorosho, mzee mmoja alikuwa amekaa nje na taa ya sola, pembeni mwake pampu ya kupulizia salfa. Tulisimama kumsalimia, maana si heshima kupita usiku kimya kimya.

"Mmetoka wapi saa hizi?" aliuliza.

Mjomba ndiye aliyejibu. "Huko juu. Tulikwenda kumsikiliza komba."

Mzee aliinua taa kidogo atuone.

"Amelia?"

"Amelia mara mbili," alisema mwanangu.